Ukitaka Kunikosoa, Nijibu kwa Vina

Neno linalomaliza washairi wengi hapa Nairobi si "mbaya". Ni "iko fiti".

Ukipita kwenye madarasa ya ushairi yanayochipuka kila pembe ya jiji, kutoka tao mpaka Kawangware, Kangemi na Uthiru, utaona mambo yanaenda hivi. Watu kumi hivi wameketi kwa duara. Mmoja anasoma shairi lake kutoka kwa simu. Akimaliza, vidole vinalia. "Manze, umeua." "Imenigusa sana." Kisha mmoja anayetaka kuonekana makini anasema, "Labda ungeongeza hisia kidogo." Hisia gani? Kwenye mshororo upi? Hasemi, na hakuna anayemuuliza. Zamu inapita kwa mwingine. Mwenye shairi anarudi nyumbani na matatu ya saa kumi na moja, shairi liko vile vile lilivyokuja.

Kuna upande wa pili pia, ule wa kisu. Mtu anasikiliza beti mbili halafu anatangaza, "Hilo si shairi." Ameshamaliza. Haelezi kwa nini, hatoi mfano, na wiki ijayo yule aliyekatwa harudi.

Nimeona watu wakiacha kuandika kwa sababu ya kisu. Lakini nimeona wengi zaidi wakikwama miaka mitatu mahali pamoja kwa sababu ya asali. Na hili si jambo dogo kwa watu wa aina yangu. Mimi niliacha chuo. Sina profesa wa kunipigia mstari mwekundu, sina msimamizi wa tasnifu. Wenzangu wa Jumamosi ndio chuo changu. Wakinidanganya kwa upole, nimefeli mtihani na hakuna atakayenipa matokeo.

Kwa hivyo nimekuwa nikijiuliza swali la historia: huu mtindo wa kuketi duara na kutoa maoni ulitoka wapi? Na kabla yake, washairi wa Kiswahili walikuwa wanafundishana vipi? Maana walifundishana. Mashairi ya miaka mia mbili iliyopita ambayo bado tunayatolea jasho kwenye mtihani hayakuanguka kutoka mbinguni.

Tuanze na duara. Mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani kilianzisha warsha ya uandishi ambayo baadaye iliigwa karibu dunia nzima. Kanuni yake inayojulikana zaidi ni kwamba mwenye kazi ananyamaza. Wenzake wanaijadili kazi yake mbele yake kana kwamba hayupo, naye anaandika wanachosema. Kanuni hiyo ina maana yake. Inakuzuia kujitetea, inakulazimisha usikie. Lakini iangalie vizuri: mkosoaji anaongea tu. Hatoi kitu chake mezani. Akisema "mshororo wa tatu umelegea", hakuna anayemwambia, "Haya, ukaze wewe tuone."

Na Iowa si mbali na sisi kama unavyodhani. Taban lo Liyong alipata shahada yake ya uandishi pale Iowa mwaka 1968. Mwaka huo huo alikuwa hapa, Chuo Kikuu cha Nairobi, na tarehe 24 Oktoba 1968 yeye, Henry Owuor-Anyumba na Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye bado alikuwa akiitwa James Ngugi, waliandika waraka maarufu wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Walisema fasihi ya Afrika ikae katikati na zingine zizunguke, na fasihi simulizi ipewe uzito. Walishinda. Leo kuna watoto wanaosoma hadithi za nyanya zao darasani kwa sababu ya karatasi ile iliyoandikwa hatua chache kutoka University Way.

Lakini waraka ule ulihusu tunachosoma. Swali la jinsi tunavyokosoana lilibaki wazi. Tulibadilisha vitabu, duara likabaki lile lile. Na jibu lilikuwa linatungojea Pwani muda wote.

Miaka ya 1810, Mombasa na Pate walipigana na Lamu. Vita vile vinaitwa vita vya Kuduhu, na vilimalizikia pale Shela, Lamu ikashinda. Watu wengi wanaokwenda Shela siku hizi wanakwenda kuogelea. Kilichonishangaza mimi si vita vyenyewe, ni mashairi. Pande zote zilikuwa zikitumiana mashairi: vitisho, kejeli, mafumbo, onyo. Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alikuwa sauti ya Mombasa. Bwana Zahidi Mngumi alikuwa sauti ya Lamu. Mashairi hayo Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya wakayachapisha mwaka 1995 kwa jina la Mashairi ya Vita vya Kuduhu.

Sasa fikiria kazi aliyokuwa nayo mtu wa Lamu akipokea shairi kutoka Mombasa. Hawezi kusema tu "iko fiti" au "hilo si shairi". Watu wa mji wamelisikia, wamelishika kwa kichwa, wanangoja. Lazima ajibu. Na desturi ya kujibizana ilikuwa na adabu yake: kwa kawaida unajibu kwa bahari ile ile aliyotumia mwenzako, mara nyingi kwa vina vile vile. Akikufumbia kwa jahazi, unafumbua kwa jahazi. Akikupa mizani kumi na sita, huji na kumi na nne.

Hapo ndipo penye siri ambayo sisi tumeipoteza. Ili umjibu mtu kwa vina vyake, lazima kwanza ubebe mzigo wake. Unahesabu mizani yake moja baada ya nyingine. Unatafuta maneno yanayoishia pale alipoishia, na ukitafuta unagundua ni wapi yeye alipata kwa urahisi na ni wapi alilazimisha. Unaona neno aliloliingiza kwa sababu ya kina tu, halina kazi nyingine. Unaona fumbo lake lina mlango gani wa nyuma. Ukimaliza kuandika jibu lako, unalijua shairi lake kuliko mtu yeyote isipokuwa yeye, na pengine kuliko hata yeye.

Yaani ukosoaji ulikuwa na gharama, na gharama ilikuwa kwa mkosoaji. Hungeweza kumkosoa mtu bila kuweka shairi lako mwenyewe hadharani, nalo likosolewe vile vile.

Faida nyingine: shairi lililojibiwa linaishi. Muyaka hakuacha kitabu. Alipokufa, mashairi yake yalibaki kwenye vichwa vya watu wa Mombasa. Miongo kadhaa baadaye, mzee mmoja msomi wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi ya kuyakusanya na kuyaeleza pamoja na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940 William Hichens akatoa diwani kule Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka, kikachapishwa hapa hapa na Kenya Literature Bureau. Angalia safari hiyo: Mombasa, London, Johannesburg, Nairobi. Na mwanzo wake ni watu waliolikumbuka shairi kwa sababu lilikuwa na kisa, lilikuwa na mtu lililokuwa linasema naye. Ni rahisi kukumbuka pande mbili za mazungumzo kuliko sauti moja inayoongea peke yake.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya Pwani, watu wamezaliwa na ushairi kwenye ulimi, sisi wa bara tutaweza wapi. Sikia sasa historia ilivyoendelea.

Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la wakoloni, hilo tusilifiche. Lakini kurasa zake za mashairi ziligeuka kuwa darasa kubwa la ushairi bila mwalimu mkuu. Karani wa mji mmoja anatuma shairi la kuuliza, mwalimu wa shule mahali pengine kabisa analijibu, mtu wa tatu anaingilia kati kuwasuluhisha au kuwachochea. Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapisha mashairi humo. Watu hawa wengi hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa vina.

Nairobi nayo iliingia kwa mlango wa vitabu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ile iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ilikuwa na makao yake Nairobi kati ya 1942 na 1952. Mwaka 1948 shirika la East African Literature Bureau likaanzishwa, nalo likawa hapa. Na ni shirika hilo lililotoa, mwaka 1954, kitabu cha Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Amri hakuwa mtu wa Mombasa wala Lamu. Alikuwa kijana wa bara, kutoka upande wa Kigoma, na alipochapisha kitabu hicho alikuwa na miaka thelathini tu. Baadaye akawa meya wa Dar es Salaam na waziri, kisha akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana.

Wengi wetu tulifundishwa kuliogopa neno "sheria" kwenye ushairi. Mimi nimekuja kuiona sheria ya Amri kwa jicho lingine. Rula haimpigi mtu. Rula inamwezesha fundi wa Gikomba na fundi wa Kangemi kukubaliana kwamba mbao hii ni fupi, bila kutukanana. Mtu akiniambia "shairi lako halijanifikia", nabaki kubishana na moyo wake. Akiniambia "ukwapi wa mshororo wa tatu una mizani tisa, na kina cha kati kimepotea", nahesabu kwa vidole, namaliza ubishi. Kijana asiye na jina anaweza kumwambia hivyo mshairi mwenye jina, na mshairi hawezi kumwambia "wewe ni nani?" Vidole ni vile vile.

Kisha rula ikavunjwa, na ilivunjwa kwa sababu nzuri. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na mchapishaji wake alikuwa Heinemann wa hapa Nairobi. Hakuna vina, hakuna mizani ya kuhesabu. Vita vikaanza. Wanajadi wakasema hayo si mashairi. Wengine wakasema yako karibu zaidi na jinsi watu wa bara wanavyoimba na kusema. Mulokozi na Kahigi, marafiki wawili waliokuwa tayari wametoa Malenga wa Bara mwaka 1976, wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979 kutetea upana wa ushairi. Ibrahim Noor Shariff akaja na Tungo Zetu mwaka 1988 kutetea jadi. Hapa kwetu Alamin Mazrui, aliyekuwa amewekwa kizuizini mwaka 1982, akatoa Chembe cha Moyo mwaka 1988, na Kithaka wa Mberia wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa Mchezo wa Karata mwaka 1997, akionyesha shairi huru linaweza kubeba hasira ya nchi nzima.

Mimi naandika mashairi huru, kwa hivyo siko hapa kuwalilia wanajadi. Lakini ona kilichotokea katika ule ugomvi. Kwa kiasi kikubwa watu walijibizana kwa insha, utangulizi na makala za chuo. Shairi lilijibiwa na nadharia. Ukishaingia huko, mtu wa kawaida asiye na shahada hana kiti. Karani wa Mambo Leo angeweza kumjibu yeyote. Insha ya chuo kikuu inajibiwa na chuo kikuu.

Na sisi tuliosoma shule za Kenya tulirithi nini? Tulirithi karatasi ya tatu ya Kiswahili. Unajua hayo maswali. "Eleza umbo la shairi hili." "Onyesha jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake." "Andika ubeti wa nne kwa lugha nathari." Inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi: tulimeza yote kama dawa ya minyoo. Miaka minne tunapasua mashairi ya watu kama maiti maabarani. Sikumbuki hata swali moja lililosema, "Mjibu mshairi huyu kwa ubeti mmoja, kwa vina vyake." Swali kama hilo lingetosha. Lingepima mizani, vina, maudhui na akili kwa wakati mmoja. Badala yake tulipata ngonjera za siku ya wazazi, mtindo ambao Mathias Mnyampala aliueneza Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ngonjera za shule zina majibizano, ndio, lakini tayari unajua mwisho. Mjinga anauliza, mjuzi anaeleza, mjinga anakubali, wote wanainama, wazazi wanapiga makofi. Madarasa yetu ya Jumamosi yamekuwa ngonjera. Mwisho wote tunakubaliana.

Mahali ambapo ule mfumo wa zamani ulibaki hai ni pale ambapo vijana wa rika langu hawaangalii: kwenye gazeti. Taifa Leo, lililoanza mwaka 1960, limekuwa na kurasa za mashairi kwa miongo mingi. Chini ya kila shairi kuna jina, lakabu ya mshairi, na mahali anapotoka. Malenga huyu, malenga yule, sauti ya fulani. Anayeuliza, anayejibu, anayeingilia. Walimu, askari, wakulima, wanafunzi. Unapita Kimathi Street ukiharakisha kwenda kupanda matatu za Kangemi, unapita jengo la Nation, na humo ndani kwa miaka mingi mashairi yamekuwa yakiwasili kutoka kila kaunti, mengine yakiwa yamebeba kwenye kichwa chake jina la mtu anayejibiwa. Sisi tukiwa nje tunatafuta kozi ya mtandaoni ya jinsi ya kupokea maoni.

Nairobi pia iliwahi kupata darasa la wenzao kwa wenzao, kwa njia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, waandishi, wachoraji na waandishi wa habari walikuwa wakikutana kwenye bustani ya mhariri Ali Zaidi kule Loresho, upande huu wetu wa magharibi ya jiji. Wanakula, wanabishana, wanasomeana. Binyavanga Wainaina alishinda tuzo ya Caine mwaka 2002, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka. Mwaka huo huo wa 2003 Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo hiyo hiyo kwa hadithi iliyotoka ndani ya Kwani?. Hakuna chuo kilichowapa cheti cha Loresho. Ni watu waliokuwa wakirudi tena na tena kwa watu wale wale, na kila mmoja alikuwa na kazi yake mezani.

Baadaye Kwani? ikaleta jukwaa la mashairi tao, klabu ya Soundd pale Kaunda Street, na kizazi kizima cha washairi wa jukwaani kikapata maikrofoni. Naliheshimu sana jukwaa. Lakini makofi ni mwalimu mwenye maneno mawili tu, ndio na hapana. Hayakuambii ni mshororo gani ulioangusha ukumbi. Ukitegemea makofi peke yake, utajifunza kupiga kelele mahali pa kunong'ona.

Haya yote nisingeyaandika kama ningekuwa nayasoma tu. Darasa letu, tunalokutania kwenye ukumbi wa kuazima huku magharibi, lilikuwa linakufa. Tulianza watu kumi na wanne, tukawa sita. Mwezi mmoja tukakubaliana kujaribu kitu: ukitaka kusema chochote kuhusu shairi la mtu, utakuja nacho wiki ijayo kikiwa shairi, kwa umbo lake. Maoni ya mdomo marufuku. Wawili walilalamika kwamba hiyo ni kazi nyingi. Ndio. Hiyo ndiyo maana.

Wiki ya kwanza, kijana mmoja wa bodaboda anayebebea watu kati ya Uthiru na Kangemi alisoma shairi lake. Lilikuwa juu ya barabara ya juu ile ya kutoka Mlolongo mpaka Westlands, kilomita 27, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo pikipiki haziruhusiwi kupanda. Hasira yake ilikuwa ya haki. Kiitikio chake kilikuwa hiki:

Barabara ni ya nani, mbona mwatubana kando?

Kama angelisoma mwezi mmoja nyuma, angepata vidole na "umeua". Safari hii alipata kimya na watu wanaoandika vina kwenye daftari: -ni, -ndo. Wiki iliyofuata, dada mmoja anayeuza duka la M-Pesa alisimama na jibu. Yeye si dereva. Yeye ni abiria. Alijibu kama abiria, mizani kwa mizani, na kiitikio chake kikawa:

Uliniacha njiani, ukafuata mkondo.

Shairi lake lilieleza jioni ya mvua, nauli iliyopanda mara mbili, na dereva aliyemwacha kwa sababu ameona mteja mwenye mfuko mzito. Hakumtukana mtu. Hakusema shairi la kwanza ni baya. Lakini ukumbi mzima tulisikia tatizo ambalo hakuna mtu angeweza kulitaja kwa mdomo. Lile "mwatubana" la kijana lilikuwa linasema na nani? Aliyejenga barabara hakuwemo ukumbini. Waliokuwemo ni abiria, watembea kwa miguu, watu wa duka. Hasira yake ilikuwa imelenga watu waliobanwa pamoja naye.

Yule kijana hakubisha. Hakukuwa na kitu cha kubishia, maana dada hakuwa ametoa maoni, alikuwa ametoa shairi. Wiki ya tatu alirudi. Beti zilikuwa karibu zile zile. Kiitikio kilikuwa kimegeuka:

Barabara ni ya nani, sote tumebanwa kando.

Maneno mawili mapya kwenye utao. "Mbona mwatubana" limekuwa "sote tumebanwa". Na alama ya kuuliza imetoka, sasa si swali tena. Shairi lote likahama kutoka lawama ya dereva mmoja mpaka kilio cha mtaa mzima. Niambie ni maoni gani ya duara yangefika hapo. "Ongeza hisia"? Hisia alikuwa nazo tele. Alichokosa ni mtu wa upande wa pili, na mtu huyo alikuja kwa vina.

Najua mtakachosema, kwa hivyo wacha niseme kwanza. Mtasema jadi ya kujibizana ilikuwa na ukali na ilifungia watu nje. Ni kweli. Imetumika kwenye vita, imetumika kwenye siasa. Lamu ya uchaguzi wa miaka ya 1974 na 1975 ilikuwa na kimondo, mashairi ya kuchomana yakisambazwa kwa kaseti. Kuna walioumia. Kuna watu wa bara walioambiwa Kiswahili chao si Kiswahili, na wanaotunga kwa Sheng bado wanaambiwa hivyo. Sitaki turudishe mlinda mlango. Nataka turudishe kazi. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Mlinda mlango anakuuliza umetoka wapi. Anayekujibu kwa shairi ameshakufungulia, amekukalisha, amekuheshimu kiasi cha kutumia wiki yake nzima ndani ya maneno yako.

Mtasema pia, shairi huru utalijibu vipi, halina vina? Lina umbo. Lina mahali linapovunja mstari, lina picha linayoirudia, lina mtu linayesema naye. Jibu hilo umbo. Akivunja mstari baada ya kila neno moja, nawe vunja hivyo uone kama kuna sababu. Ukiona unavunja ovyo, basi umegundua kitu kuhusu shairi lake. Na kama anatunga kwa Sheng, mjibu kwa Sheng ya mtaa wake, si ya kwenye tangazo la biashara. Utajua haraka kama unaijua.

Na wale mnaosema hamna muda: muda wa kusema "iko fiti" mara kumi na nne kila Jumamosi mnao. Ukijumlisha, ni shairi moja hilo.

Darasa letu sasa lina watu kumi na mmoja. Si wengi, na sisemi tumepata dawa ya kila kitu. Nasema kitu kimoja tu: washairi waliokuja kabla yetu hawakuambiana ukweli kwa sababu walikuwa majasiri kuliko sisi. Walikuwa na chombo cha kuubebea. Sisi tumetupa chombo, tunashangaa maji yanamwagika.

Kwa hivyo nikimaliza hapa, usiniambie umependa. Nakupa mshororo mmoja, mizani kumi na sita, kina cha kati -pa, cha mwisho -nge. Ukiona nimekosea katika haya yote, nionyeshe kwa beti, kwa vina hivyo hivyo. Nitakujibu.

Kunisifu si kunipa, nipe kazi nikajenge.